Faili la Mzee Lililokataa Kufunguka

Zamu ya kuandika imenifikia. Wenzangu waliotangulia waliandika juu ya wafalme, vita na mipaka. Mimi leo nawaletea historia ya kitu kidogo ambacho kila mmoja wetu anakigusa kila siku bila kukiuliza maswali: faili la kompyuta. Usiniache njiani, mwisho utaona kwamba jambo hili linatuhusu sisi wakimbizi kuliko watu wengi.

Mwaka jana, mwezi wa kumi na moja, mzee mmoja wa kambini aliniita. Zamani alikuwa mwalimu huko Masisi. Alinipa flashi ndogo iliyofungwa kwa kitambaa, akaniambia: "Mwanangu, nasikia unaenda Kigali. Humu mna majina. Nenda unitolee kwenye karatasi kabla ya mwezi wa kumi na mbili."

Nilijua ni majina gani. Nyote mnajua habari ya Mudende, ile kambi ya upande wa Gisenyi iliyoshambuliwa mwezi wa nane 1997, halafu ikashambuliwa tena mwezi wa kumi na mbili mwaka uleule. Waliobaki wakapelekwa Byumba, na ndivyo maisha ya Gihembe yalivyoanza. Miaka michache baadaye mzee akapita nyumba kwa nyumba na daftari, akiuliza: nani alikufa, mtoto wa nani, kijiji gani. Mwaka 2004 kijana mmoja akamsaidia kuyaandika yote kwenye kompyuta ya msaada. Kwanza yalikaa kwenye disketi, baadaye yakahamishiwa kwenye flashi. Daftari lenyewe liliharibiwa na mvua. Gihembe ilipofungwa mwaka 2021 na watu kuhamishiwa Mahama, mzee alibeba flashi mfukoni.

Kigali niliingia papeteri ya kwanza, yale maduka wanapopiga fotokopi na kukuandikia barua. Kijana akaichomeka flashi, akabonyeza faili. Kioo kikajaa miraba midogo na alama za kuuliza. Papeteri ya pili, mashine ikasema haiitambui fomati hiyo. Ya tatu, jamaa akacheka kidogo, akasema: "Kaka, hiyo faili imekufa. Mwambie mzee aandike upya."

Aandike upya? Nusu ya watu waliomtajia hayo majina wenyewe wamekwisha kuondoka duniani.

Basi nikaanza kuuliza na kusoma. Faili linakufaje wakati flashi ni nzima? Haya ndiyo niliyoyapata.

FAILI NI NINI HASA

Kompyuta haijui A wala B. Inajua namba tu. Unapoandika jina la mtu, programu inaligeuza kuwa namba, halafu inaongeza namba nyingine za kusema: hapa pana mstari mpya, hapa herufi ni nzito, hapa pana jedwali. Ule mpangilio wa namba ndio unaitwa fomati. Programu iliyoandika faili inaujua mpangilio huo. Programu nyingine ikija bila kuujua, inaona namba tupu. Ni kama kumpa barua ya Kiswahili mtu asiyejua Kiswahili: karatasi ipo, wino upo, lakini barua haisomeki.

Sasa shida inakuja hivi. Programu zinazeeka, na watengenezaji wanatoa toleo jipya kila baada ya miaka michache. Kila toleo jipya linataka kufanya mambo ambayo la zamani halikuweza, kwa hiyo mpangilio unabadilika. Hapo yanazaliwa maswali mawili. La kwanza: toleo jipya litaweza kusoma faili la zamani? La pili: toleo la zamani litaweza kusoma faili lililoandikwa na toleo jipya? La kwanza ni kama mtoto kuelewa lugha ya babu. La pili ni kama babu kuelewa maneno ya vijana wa leo. La pili ni gumu zaidi, kwa sababu babu alipokuwa anajifunza kuongea, maneno hayo hayakuwepo.

Ahadi ya kwamba toleo jipya litasoma kazi ya zamani si sheria ya asili. Ni ahadi ya mtu kwa mtu: mtengenezaji anakuambia, "nitaendelea kukumbuka." Na historia inaonyesha kwamba ahadi hiyo inatimizwa, inavunjwa, halafu inarekebishwa, kutegemea nani anapiga kelele.

JINA MOJA, FOMATI NYINGI

Tuchukue Word, kwa sababu karibu kila barua, kila CV na kila ombi tunaloliona Kigali limepitia huko. Word ya kwanza ya Microsoft ilitoka mwaka 1983. Ya Windows ikaja 1989. Mafaili yake tuliyazoea kwa jina la .doc. Wengi wanafikiri .doc ni kitu kimoja. Hapana. Ni kama jina la ukoo: watu wengi tofauti wanalibeba.

Word 97 ilipokuja, ilileta fomati mpya chini ya jina lilelile la .doc. Mtu mwenye Word 95 alipopewa faili la Word 97, hakuweza kulifungua. Fikiria ofisi yenye mashine 10. Mkubwa ananunuliwa mashine mpya yenye Word 97. Anatuma barua kwa wengine tisa, na wote hawaioni. Njia ya kutoka ilikuwa kuhifadhi faili "kwa ajili ya Word 95." Lakini kumbe toleo la mwanzo la Word 97 halikuwa linaandika fomati ya Word 95 kweli. Lilikuwa linaandika fomati nyingine, inayoitwa RTF, kisha kuipa jina la .doc. Watumiaji wakalalamika, marekebisho yakatolewa baadaye. Ofisi nyingi zikaona ni afadhali kununua toleo jipya kwa wote kuliko kusumbuana.

Baada ya hapo kukawa na utulivu. Fomati ile ya 1997 ilitumika pia kwenye toleo la 2000, la 2002 na la 2003. Miaka kumi ya amani. Watu wakaanza kuamini kwamba faili la Word litafunguka milele.

MWAKA 2007: HERUFI X MOJA

Halafu ikaja Office 2007 na .docx. Herufi moja tu imeongezwa, lakini ndani kila kitu kimebadilika. Faili la zamani la .doc lilikuwa kama sanduku lililofungwa kwa misumari: namba zimepangwa kwa mtindo ambao kampuni peke yake ilikuwa inaujua vizuri. Faili la .docx ni kama mfuko wenye karatasi ndani. Kama huamini, jaribu. Chukua nakala ya faili lako la .docx, ubadili jina la mwisho liwe .zip, ulifungue. Utakuta mafolda, na ndani ya folda moja utakuta faili linaloitwa document.xml. Ukilifungua hilo utaona maneno yako mwenyewe, yamezungukwa na alama nyingi, lakini yanasomeka kwa macho.

Hayo yalikuwa maendeleo makubwa. Lakini mwenye Word 2003 alipopokea .docx, mashine yake ilikuwa haijui ni nini. Microsoft wakatengeneza dawa: kifurushi cha bure cha kuweka kwenye Office ya 2000, ya XP au ya 2003 ili iweze kusoma .docx. Dawa ilikuwa nzuri. Tatizo ni kwamba ilikuwa na uzito wa megabaiti zaidi ya 25, na ilikuwa upande wa pili wa intaneti.

Kumbukeni hali ilivyokuwa wakati huo. Mwaka 2007 Afrika Mashariki yetu ilikuwa bado haijaunganishwa na dunia kwa waya wa chini ya bahari. Intaneti ilikuwa inapita kwenye setilaiti, polepole na kwa bei kali. Waya wa SEACOM ulifika pwani mwezi wa saba 2009, EASSy ukafuata 2010. Na Rwanda haina bahari, kwa hiyo waya ulilazimika kupita kwa majirani kwanza ndipo ufike kwetu. Kwa hiyo mtu wa London aliyepata faili la .docx alipakua dawa akaendelea na chai yake. Mtu wa Nyabugogo alimrudia aliyemtumia na kumbembeleza: tafadhali, nitumie tena kwa ile ya zamani.

Ndiyo maana nasema mabadiliko ya fomati hayaangukii watu wote sawasawa. Anayeumia zaidi ni mwenye mashine ya zamani na intaneti dhaifu, yaani sisi. Na dawa yenyewe haikudumu milele. Kile kifurushi kiliondolewa rasmi mwaka 2018.

MLANGO UNAPOFUNGWA KWA MAKUSUDI

Kuna kisa kingine cha mwaka huohuo. Septemba 2007 Microsoft walitoa kundi la tatu la marekebisho ya Office 2003. Ndani yake walizuia programu isifungue fomati kadhaa za zamani, na zingine zilikuwa za kwao wenyewe. Mtu ambaye jana alifungua barua yake, leo baada ya kuweka marekebisho anaambiwa imezuiwa.

Tuwe wa haki: walikuwa na sababu. Sehemu ya programu inayosoma fomati za zamani iliandikwa enzi ambazo watu hawakuwa wanaogopa wezi wa mtandao sana. Mhalifu angeweza kutengeneza faili linalofanana na la zamani, na programu ikiligusa tu, mashine inatekwa. Kila mlango wa zamani unaouacha wazi, ni mlango wa kulinda. Lakini watu walipiga kelele, na Januari 2008 kampuni ikaomba radhi kwa jinsi ilivyolieleza jambo hilo, ikatoa njia rahisi ya kuufungua tena mlango kwa anayetaka. Mwezi uliofuata, Februari 2008, wakaweka wazi kwa umma maelezo ya zile fomati za zamani za .doc. Kabla ya hapo, watengenezaji wa programu nyingine walikuwa wanabahatisha ndani ya lile sanduku la misumari.

Mimi nimejifunza kitu hapa. Anayefunga mlango anaweza kuwa na sababu nzuri kabisa. Lakini yeye anaona hatari ya mlango, haoni kilichobaki ndani ya chumba. Aliyebaki ndani ndiye anayepaswa kupiga kelele.

NA KISWAHILI CHETU?

Msifikiri haya ni mambo ya Wazungu tu. Mwishoni mwa 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wataalamu kutoka Sweden, katika mradi ulioitwa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice: programu ya ofisi ya bure yenye menyu za Kiswahili. Ilikuwa fahari kubwa. Mtu anaandika barua, na kompyuta inamsemesha kwa lugha yake.

Lakini angalieni tarehe. Jambo ilijengwa juu ya OpenOffice ya kizazi cha kwanza, na kizazi hicho kilikuwa kinahifadhi barua kwa fomati iliyoitwa .sxw. Mwaka uliofuata tu, Oktoba 2005, ikatoka OpenOffice 2.0 na fomati mpya, .odt, ambayo mwaka 2006 ilikubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa cha ISO. Ile .sxw ikawa ya zamani kabla hata haijazoeleka. Barua iliyoandikwa Dar es Salaam kwa Jambo mwanzoni mwa 2005, ukiipeleka leo kwenye Word, haitafunguka.

Je, imekufa? Hapana. Mwaka 2010 sehemu ya watengenezaji wa OpenOffice walijitenga wakaanzisha LibreOffice, na LibreOffice mpaka leo inaisoma .sxw. Kwa nini? Kwa sababu fomati hiyo tangu mwanzo ilikuwa wazi. Hakuna aliyelazimika kubahatisha. Yeyote anayetaka kuisoma anaweza, hata kama waliotunga wamekwenda kufanya kazi nyingine. Tofauti kati ya faili linalokufa na faili linalolala ndiyo hiyo: je, kuna mtu mwingine anayeruhusiwa kujua lilivyoandikwa?

GHARAMA YA KUKUMBUKA

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini basi wasikumbuke kila kitu? Kukumbuka nako kuna gharama, na wakati mwingine unarithi hata makosa. Mfano mmoja ulinichekesha. Mwaka 1983 ilitoka programu ya mahesabu iitwayo Lotus 1-2-3. Ilikuwa na kosa: ilihesabu kwamba mwaka 1900 ulikuwa na tarehe 29 Februari. Haukuwa nayo. Microsoft walipotengeneza Excel, walitaka mahesabu ya watu wa Lotus yatoke vilevile, kwa hiyo wakaliingiza kosa lile makusudi. Lipo mpaka leo. Andika 29/02/1900 kwenye Excel yako, itakubali kabisa siku ambayo haikuwahi kuwepo.

Nilipolisoma hilo nilikumbuka vitambulisho vyetu. Wangapi humu wameandikwa kuzaliwa tarehe 1 Januari? Mama alifika hana karatasi, mwandishi akauliza mtoto kazaliwa lini, mama akataja mwaka, basi mwandishi akaweka 1 Januari. Tangu hapo kila karatasi inanakili ile ya nyuma yake. Ukitaka kusahihisha, karatasi zote zilizotangulia zinakukana. Kwa hiyo unaubeba uongo mdogo ili ukweli mkubwa, kwamba wewe ni wewe, uendelee kusomeka. Excel nayo inafanya hivyohivyo.

KURASA MILIONI 63

Sasa turudi Kigali, kwa sababu hapa pana mfano mkubwa kuliko flashi ya mzee.

Mahakama za Gacaca zilizinduliwa Juni 2002 na kufungwa rasmi Juni 2012. Zilikuwa karibu 12,000 nchi nzima, na zilipitia kesi zaidi ya milioni 1.9 za Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994. Karibu yote hayo yaliandikwa kwa mkono, kwenye madaftari na fomu, na waandishi wa vijijini, watu wakiwa wamekaa kwenye majani. Zilipofungwa, kumbukumbu hizo zilikusanywa Kigali. Zinakadiriwa kuwa kurasa milioni 63. Kisha ikaanza kazi ya kuzipiga picha, ukurasa kwa ukurasa, ili ziingie kwenye kompyuta. Kabla ya hapo, mwaka 2010, kwenye Ukumbusho wa Gisozi ilikuwa imefunguliwa Hifadhi ya Kumbukumbu za Mauaji ya Kimbari yenye shuhuda za video, picha na hati. Na kule Arusha, kumbukumbu za ile mahakama ya kimataifa iliyofungwa mwisho wa 2015, pamoja na rekodi za sauti na video za kesi zake, zinalindwa na chombo cha Umoja wa Mataifa kilichoirithi.

Watu wengi wanafikiri karatasi ikishaingia kwenye kompyuta, basi imeokoka. Tuangalie vizuri. Karatasi ya Gacaca ina maadui: unyevu, mchwa, panya, moto. Lakini haina toleo. Mtu ajuaye kusoma Kinyarwanda miaka 100 ijayo ataichukua na kuisoma kwa macho yake tu. Ile picha yake ndani ya kompyuta haiogopi mchwa, na unaweza kuwa na nakala kumi mahali kumi. Lakini inahitaji programu inayoijua fomati yake, mashine inayoendesha programu hiyo, na mtu anayekumbuka kuihamisha kabla mlango haujafungwa.

Waingereza walijifunza hilo kwa aibu. Mwaka 1986 BBC waliadhimisha miaka 900 ya Domesday Book, kile kitabu cha mfalme cha kuhesabu mali za nchi, kwa kutengeneza Domesday mpya ya kompyuta kwenye diski kubwa za leza. Haikupita miaka 20, mashine za kuzisoma diski hizo zilikuwa karibu zimetoweka, na ikabidi wataalamu wafanye kazi kubwa ya kuziokoa. Kitabu cha 1086, kilichoandikwa kwa mkono, kilikuwa bado kinasomeka.

Ndiyo maana watunza kumbukumbu hawachagui fomati kwa kupenda. Mwaka 2005 ulitoka mtindo maalumu wa PDF, unaoitwa PDF/A, kwa ajili ya kuhifadhi kwa muda mrefu. Siri yake ni rahisi: kila kitu kinachohitajika kulisoma faili, hata sura za herufi, kimewekwa ndani ya faili lenyewe. Haliombi msaada nje.

SHERIA NAYO INA MATOLEO

Nitasema jambo moja zaidi, na wale wa kutoka Kivu wataelewa haraka.

Tarehe 5 Januari 1972 Zaire ilitoa sheria iliyowapa uraia watu wenye asili ya Rwanda-Urundi waliokuwa wamekaa Kivu tangu kabla ya 1 Januari 1950. Wazee wetu wakapata karatasi. Tarehe 29 Juni 1981 likaja toleo jipya la sheria. Likasema raia ni yule ambaye ukoo wake unatokana na makabila yaliyokuwa ndani ya nchi tarehe 1 Agosti 1885, na ile ya 1972 ikafutwa. Karatasi za wazee zilikuwa bado mfukoni, safi, zina mihuri. Lakini toleo jipya la sheria lilikataa kuzifungua. Ilichukua mpaka Novemba 2004, baada ya vita mbili, kupata sheria nyingine iliyoleta tarehe ya karibu zaidi, ile ya uhuru, 30 Juni 1960. Na hata hivyo wengi wetu bado tuko huku.

Sisemi kompyuta na uraia ni kitu kimoja. Nasema sisi tunajua kwa mwili wetu maana ya kushika hati ambayo jana ilisomeka na leo haisomeki, wakati hati haijabadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni msomaji.

FAILI LA MZEE

Mzee alikuwa amenipa kazi, na sikutaka kurudi mikono mitupu. Dada mmoja anayesoma mambo ya kompyuta, anayeishi Kimironko, aliniambia nimletee flashi jioni. Laptopu yake ni ya zamani, kioo kina ufa, lakini ina LibreOffice. Aliniuliza faili liliandikwa na programu gani. Tukagundua ni programu ndogo ya kuandikia iliyokuwa inakuja na mashine zile za msaada, na siku hizi haitengenezwi tena. "Ngoja," akasema. "Kuna watu wamejitolea kuandika msomaji wa fomati kama hizi, bila kulipwa. Tujaribu."

Akabonyeza. Mashine ikafikiri kidogo. Halafu majina yakaja.

Yalikuja kurasa kumi na kitu. Jina, jina la baba, kijiji, umri. Herufi za Kifaransa zenye alama juu zilikuwa zimeharibika, jedwali lilikuwa limepinda, lakini majina yalikuwepo. Katika ukurasa wa nne nikakuta watu wa ukoo wetu. Sikuwa najua kwamba mzee aliwaandika.

Tukahifadhi faili kwa .odt, tukatoa na PDF/A, na nyingine ya maandishi tupu yasiyo na urembo wowote. Asubuhi nikachapisha nakala mbili.

Sasa naomba na wewe ufanye haya:

1. Tafuta flashi, simu na disketi za wazee wako. Zifungue mwaka huu, usingoje mwaka ambao utazihitaji.

2. Faili lolote la muhimu, cheti, ushuhuda, majina, lihifadhi pia kwa fomati iliyo wazi: .odt kama bado unaliandika, PDF/A kama limekamilika. Usilifute la asili.

3. Kila baada ya miaka michache, au unapobadilisha simu au mashine, lifungue tena uhakikishe.

4. Weka nakala sehemu tatu, na moja iwe kwa mtu mwingine mbali na wewe. Kambi inaweza kufungwa, tumeona.

5. Majina ya watu, yachapishe. Karatasi haiulizi toleo.

Nilipomfikishia mzee karatasi zake, alivaa miwani akaanza kusoma polepole, kidole kikifuata mstari. Hakuuliza niliyafunguaje. Alipofika ukurasa wa pili akaomba kalamu, akasahihisha jina moja ambalo yule kijana wa 2004 alikosea kuliandika. Kisha akanirudishia nakala moja, akasema: "Hii kaa nayo wewe. Mimi na hii flashi tumezeeka pamoja."

Ninayo. Na kama wewe una faili la mzee wako lililokataa kufunguka, usilitupe na usiambiwe limekufa. Niandikie hapa chini, tutalitafutia msomaji.